Kesi Inayokaa: Mwongozo wa Kungoja Makazi ya Kudumu kwa Familia za Bendera

Makazi ya kudumu ni haki ya kuishi na kufanya kazi katika nchi ya ugenini bila kuhesabiwa siku. Kwa familia iliyotoka Bendera, haki hiyo huja baada ya kungoja si mara moja bali mara kadhaa, na kila kungoja kuna ofisi yake: kutambuliwa kuwa mkimbizi, kukubaliwa na nchi ya tatu, kupewa kadi ya makazi baada ya kufika, kisha kuwaleta waliobaki nyuma. Vipindi hivyo vikijumlishwa hufika miaka kumi, kumi na mitano, hata ishirini. Mtoto aliyeandikishwa akiwa mgongoni mwa mama yake huweza kuwa na watoto wake mwenyewe kabla kesi haijakwisha. Kwa hiyo subira peke yake haitoshi. Kazi kubwa ya anayengoja ni kuhakikisha kwamba faili linaendelea kusema kweli juu ya familia ambayo haikomi kubadilika.

Bendera iko kaskazini mwa teritwari ya Kalemie, katika jimbo la Tanganyika la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye barabara inayopanda kwenda Lulimba na Fizi. Wengi wanaijua kwa mtambo wa umeme wa mto Kiymbi, uliojengwa enzi za Wabelgiji na kuupelekea mji wa Kalemie umeme. Katika vitabu vya historia imetajwa kwa shambulio la Juni 1965, pale waasi wa Simba pamoja na Wakuba wa Che Guevara walipoivamia wakashindwa. Ukanda huo kati ya Kalemie na Fizi haukupata utulivu wa kudumu tangu hapo: vita vya 1996 na 1998, makundi ya wapiganaji wa Mai-Mai, na katika miaka ya karibuni ugomvi wa Waluba na Watwa uliochoma vijiji vingi vya jimbo. Wanaokimbia hushuka ziwani na kuvuka kwa boti hadi Kigoma. Wengine hufuata njia ya kusini hadi Zambia. Nchini Tanzania kambi yao kuu ni Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa Novemba 1996, ambayo mwaka 2009 ilipokea pia Wakongo wa kambi ya Lugufu iliyokuwa ikifungwa. Nchini Zambia, kambi za Mwange na Kala zilifungwa mwaka 2010, na waliokimbia Tanganyika na Haut-Katanga kuanzia 2017 walifunguliwa makazi ya Mantapala, wilayani Nchelenge.

Mkimbizi ana milango mitatu ya kutokea katika ukimbizi: kurudi kwao, kupewa haki ya kukaa katika nchi iliyompokea, au kuhamishiwa nchi ya tatu. Wa kwanza ulifunguka kati ya 2005 na 2009, meli zilipowarudisha maelfu ya watu kutoka Kigoma hadi Baraka na Kalemie, na baadhi yao walikimbia tena baadaye. Wa pili ni mwembamba sana. Mfano mkubwa katika eneo hili ni wa Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 na kukaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mwaka 2007 Tanzania ilikubali kuwapa uraia wale waliotaka. Mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 162,000 yalikubaliwa. Lakini vyeti havikuanza kutolewa hadi Oktoba 2014. Kwa miaka minne watu walikuwa wamekubaliwa na bado hawana karatasi mkononi, huku wakiambiwa wajiandae kuhamishwa. Kesi hiyo inaonyesha jambo ambalo familia za Nyarugusu huliona pia: kati ya neno la serikali na hati kunaweza kuwa na mwendo mrefu kuliko ule wa kulifikia neno lenyewe.

Mlango wa tatu ndio unaongojwa zaidi, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inauhusu. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, hupendekeza; nchi ya tatu ndiyo huamua. Kila mwaka, chini ya asilimia 1 ya wakimbizi wote duniani huhamishwa kwa njia hiyo. Wakongo wa Nyarugusu walipata nafasi isiyo ya kawaida mwaka 2015, Marekani ilipokubali kuwapokea kama kundi, kwa matarajio ya watu wapatao 32,000 katika miaka iliyofuata. Wengi walisafiri. Wengine walibaki katikati ya hatua, na ni hao hasa wanaohitaji kujua jinsi kesi inavyotunzwa.

Karatasi

Nyumba nyingi za kambini ni za tofali za udongo. Masika huingia kwenye paa, na mchwa hupanda ukutani usiku. Karatasi ya usajili iliyokunjwa mara nne ikawekwa mfukoni huanza kuchanika kwenye mikunjo. Baada ya miaka mitatu huwa vipande vinne vilivyoshikwa kwa selotepu, na selotepu ikizeeka hugeuka manjano na kuondoka na wino. Namba ya kesi ikiwa juu ya mkunjo, ndiyo hupotea kwanza. Njia iliyo salama haina gharama kubwa: karatasi zisikunjwe, ziwekwe ndani ya bahasha kubwa ya kaki, bahasha ifungwe ndani ya nailoni nzito, na vyote viwekwe kwenye sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali, mbali na ukuta. Kila ukurasa upigwe picha kwa simu, na picha zitumwe kwa ndugu wawili wanaokaa mahali tofauti, kwa mfano mmoja Kalemie na mwingine ng'ambo. Simu huibwa na kuzama majini. Haifai kuwa mahali pekee palipo na nakala.

Zinazotunzwa ni uthibitisho wa usajili, kadi ya mgao, kila karatasi iliyotolewa siku ya mahojiano, vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki za watoto waliozaliwa kambini, na vyeti vya shule. Kutoka nyumbani ni chochote kilichookolewa: kadi ya mpiga kura, cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa ya kanisani au ya komini, diploma ya serikali. Familia za vijijini mara nyingi hazina cheti cha kuzaliwa cha Kongo, kwa kuwa sheria inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 na ofisi iko mbali. Kukosa cheti hicho si kosa na hakuzuii kesi. Kinachoiharibu ni cheti kilichonunuliwa baadaye chenye tarehe isiyolingana na ile iliyoandikwa siku ya kwanza.

Majina yanataka uangalifu wa pekee. Mkongo huwa na jina, jina la pili na jina la Kikristo, na mtoto si lazima abebe jina la baba. Ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina ambayo hayafanani hata kidogo. Fomu za Marekani na Kanada zinauliza jina la kwanza na jina la ukoo, na karani anayeandika haraka hugeuza mpangilio. Mara nyingi jina hubaki jinsi lilivyoandikwa kwenye orodha ya UNHCR, na herufi moja iliyokosewa hapo husafiri hadi kwenye leseni ya gari. Vivyo hivyo kwa tarehe ya kuzaliwa: asiyeijua siku yake huandikiwa Januari 1, na hilo linakubalika, mradi mwaka uwe wa kweli au ukaribie ukweli. Makosa ya namna hii yasahihishwe mapema, kwenye dawati la usajili, kabla ya mahojiano makubwa. Sahihisho lililoombwa kabla huonekana kuwa ni sahihisho. Likiombwa baada ya afisa kuuliza swali, huonekana kuwa ni jibu lililotafutwa.

Familia inapobadilika

Hapa ndipo kesi nyingi hukwama, na hukwama bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Mtoto akizaliwa, aandikishwe mara moja na ofisi inayoshughulikia kesi ijulishwe. Mtu akifariki, taarifa itolewe hata kama uchungu ni mkubwa na hata kama jina lake linaongeza mgao wa chakula. Ndoa na talaka ni hivyo hivyo. Wapo wanaoficha ndoa ya binti kwa hofu kwamba atatolewa kwenye kesi ya wazazi. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu sheria ya Marekani humhesabu mtoto ndani ya kesi ya mzazi akiwa hajaoa wala kuolewa na yuko chini ya miaka 21. Lakini ndoa iliyofichwa humfuata binti huyo hadi siku atakapotaka kumwombea mumewe, na faili litasema kwamba hana mume. Atakuwa amejifungia mlango kwa mkono wake. Iliyo bora ni kusema mapema na kuomba kesi mbili ziunganishwe, ili wanandoa hao wawe na faili lao linalotajwa pamoja na la wazazi.

Umri wa miaka 21 unastahili kuwekwa akilini na kila mzazi. Kwa kesi za ukimbizi za Marekani, umri wa mtoto husimama siku mzazi anapohojiwa na afisa wa uhamiaji wa nchi hiyo. Akivuka 21 baada ya siku hiyo, bado huhesabiwa mtoto. Akivuka kabla, anahitaji kesi yake. Mtoto anayekaribia umri huo asiachwe hadi karani agundue.

Mume mwenye wake wawili, jambo la kawaida katika vijiji vingi vya Tanganyika, anaweza kuandika mke mmoja tu kwenye kesi yake. Mke wa pili na watoto wake wana haki ya kuhojiwa kwa kesi yao wenyewe, na watoto wabaki wameandikwa kuwa ni wa baba huyo. Kumwandika mke wa pili kuwa dada au shemeji ni njia inayoonekana ya mkato, na baadaye hakuna ndoa itakayokubalika juu ya undugu huo uliokwisha kutajwa kwa kiapo.

Watoto wa kulelewa nao wasemwe kama walivyo. Katika vita, mtoto wa kaka aliyeuawa hulelewa kama mtoto wa nyumbani, na hakuna anayemwita vingine. Karani anapouliza, moyo husema ni mwanangu. Faili linahitaji kusema ni mtoto wa kaka yangu, ninamlea tangu mwaka fulani. Mwaka 2008 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuunganisha familia za wakimbizi baada ya majaribio ya vipimo vya vinasaba, yaliyoanzia Nairobi, kuonyesha kwamba kwa sehemu kubwa ya familia undugu ulioandikwa haukuthibitika. Mpango ulifunguliwa tena mwaka 2012, na vipimo vikawa sharti. Huenda wengi walioanguka hapo walikuwa walezi wa kweli walioandikwa kama wazazi. Ulezi unakubalika, ila unataka utaratibu wake, ukiwemo uchunguzi wa maslahi ya mtoto, na utaratibu huo huchukua muda. Ni heri muda huo upotee mapema.

Mahojiano

Mhojiwa huulizwa habari ile ile na watu tofauti, pengine miaka kadhaa ikiwa imepita kati ya swali la kwanza na la mwisho: UNHCR, kisha ofisi inayotayarisha kesi kwa niaba ya Marekani, ambayo kwa Afrika iko Nairobi, kisha afisa wa uhamiaji mwenyewe. Watu wazima huhojiwa mmoja mmoja, na majibu hulinganishwa.

Kumbukumbu ya vita haikai kwa mpangilio wa kalenda, na maafisa wazoefu wanalijua hilo. Tarehe hupatikana kwa kuzifunga na mambo yanayokumbukwa: mwaka ambao jeshi la Kabila baba lilipita, msimu wa kuvuna mihogo, darasa ambalo mtoto mkubwa alikuwa anasoma. Jioni ya siku ya mahojiano, aliyehojiwa aandike kwenye daftari alivyoulizwa na alivyojibu, akiwa bado anakumbuka. Daftari hilo si la kukariri hadithi, ni la kujikumbusha alichosema, ili miaka mitatu baadaye asiongeze wala kupunguza kwa usahaulifu. Asiyejua aseme hajui. Hadithi ya jirani iliyofaulu isiazimwe, kwa sababu afisa ameshaisikia kutoka kwa jirani.

Baada ya hapo huja vipimo vya afya vinavyofanywa na IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji), uchunguzi wa usalama, na mafunzo ya utamaduni. Wengi hawaambiwi mapema kwamba baadhi ya hatua hizo zina muda wa kwisha. Vipimo vya afya kwa kawaida hudumu miezi sita, na wakati mwingine mitatu; uchunguzi wa usalama nao una muda wake. Hatua moja ikichelewa, nyingine huisha nguvu, na familia huitwa tena kupimwa damu na kupigwa picha ya kifua kana kwamba haikupimwa kamwe. Kuitwa upya kwa namna hiyo si dalili ya kukataliwa. Anayekutwa na kifua kikuu hatupwi nje ya kesi. Hutibiwa kwanza, matibabu ya miezi sita au zaidi, kisha kesi huendelea. Kuruka dozi huirudisha familia nzima nyuma.

Kesi inaweza pia kusimama kwa sababu ambayo hakuna mtu kambini anayehusika nayo. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na hata waliokwisha pewa tarehe ya ndege walifutiwa safari. Wapo waliokuwa wameuza kuku, baiskeli, masufuria na mlango wa nyumba. Kanuni inayotokana na hilo ni ngumu kuifuata lakini ni ya lazima: kisiuzwe kitu cha kuishi hadi basi la IOM lifike, na hata hapo nyumba na shamba viachiwe ndugu badala ya kuuzwa kwa bei ya haraka.

Wanaouza nafasi

Usajili, mahojiano, vipimo vya IOM na kuombewa nchi ya tatu havilipiwi. Nauli ya kwenda Marekani ni mkopo usio na riba unaolipwa kidogo kidogo baada ya kufika, wala hautozwi kambini. Basi yeyote anayedai pesa ili jina lipande juu ya orodha, liwe karani, mkalimani, kiongozi wa zoni au sauti isiyojulikana kwenye WhatsApp, anauza kitu asichokuwa nacho. Ubaya hauishii kwenye pesa. Aliyenunua nafasi ya familia nyingine husafiri na jina la mtu, na watoto wake watabeba jina hilo maisha yao yote. Uongo huo ukijulikana, hata uraia uliokwisha kutolewa unaweza kuondolewa. Malalamiko hupelekwa UNHCR kupitia masanduku ya malalamiko au dawati la ulinzi, na hayapunguzi nafasi ya mlalamikaji.

Maisha yasisimame

Madhara makubwa ya kungoja hayako ofisini. Yako kwa kijana anayeacha shule darasa la nane kwa kuwa wanaondoka mwaka huu, akafikisha miaka 26 bila shule na bila safari. Yako kwa mama asiyepanda kisamvu nyuma ya nyumba kwa sababu hataki kuonekana kwamba amekubali kubaki. Shule za Wakongo wa Nyarugusu zimefuata mtaala wa Kongo, na diploma ya serikali ina thamani popote familia itakapoishia: Kalemie, Lusaka au Ohio. Ushonaji, useremala, ufundi wa simu na umeme wa sola husafiri pia. Kiingereza kikianza kujifunzwa kambini huokoa mwaka mzima wa ugenini. Tanzania huwataka wakimbizi wakae kambini na kutoka kwa kibali, hivyo biashara ina mipaka yake. Zambia na Uganda zina nafasi kubwa zaidi ya kulima, na katika makazi ya Uganda familia hupewa kipande cha ardhi.

Mbao za matangazo zinahitaji ratiba. Kuna watu wanaokwenda kusoma orodha kila asubuhi, wakarudi wakiwa wamechoka kama waliotoka kulima. Siku moja kwa wiki inatosha, na familia mbili au tatu zinaweza kupeana zamu, aliyekwenda akiwasomea wengine. Asiyeona jina lake asitafute maana katika jina la jirani: kesi mbili zilizofunguliwa siku moja huachana kwa sababu ya ukubwa wa familia, kipimo cha afya au jina linalofanana na la mtu mwingine. Anayekosa usingizi, anayeacha kula, au anayeanza kunywa pombe tangu kesi ilipokwama, apelekwe kwa wahudumu wa ushauri wa kambi. Wachungaji na wazee wa jamii wana nafasi yao, na wengi wameifanya kazi hiyo vizuri, ila huzuni inayodumu miezi ni ugonjwa unaotibika.

Waliobaki Bendera nao wanangoja. Kwao, ndugu aliye kambini huonekana kama aliyekwisha fika Marekani, na maombi ya pesa huanza kabla ya safari. Ni vizuri waambiwe hatua iliyofikiwa bila kuongeza chumvi, na wapewe kazi halisi: kutunza nakala za hati na kulima shamba la familia lisichukuliwe.

Baada ya kufika

Anayeingia Kanada kama mkimbizi aliyehamishwa hufika akiwa tayari na makazi ya kudumu. Marekani ni tofauti: mkimbizi huingia na hadhi ya mkimbizi, anaruhusiwa kufanya kazi tangu siku ya kwanza, na baada ya mwaka mmoja sheria inamtaka aombe kadi ya makazi kwa fomu I-485. Hakuna ada kwa mkimbizi. Kadi ikitoka, tarehe yake hurudishwa nyuma hadi siku ya kuingia nchini, kwa hiyo kucheleweshwa na ofisi hakupunguzi miaka inayohesabiwa kwa ajili ya uraia.

Kuchelewa huko kumekuwa na uzito mpya. Sheria ya Marekani ya Julai 2025 iliondoa msaada wa chakula wa serikali kuu kwa wakimbizi wasio bado na makazi ya kudumu. Novemba mwaka huo idara ya uhamiaji iliagiza mafaili ya wakimbizi walioingia kati ya Januari 2021 na Februari 2025 yapitiwe upya, na kadi zao zisitolewe kwa wakati huo. Familia iliyo katika hali hiyo ihifadhi risiti ya ombi, yenye herufi tatu na tarakimu kumi, ambayo ndiyo namba ya kufuatilia kesi. Kila ikihama nyumba iiarifu idara ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11. Barua ya kuitwa kupigwa alama za vidole ikienda kwenye nyumba ya zamani, ombi huhesabiwa kuwa limeachwa. Ofisi ya mbunge wa Kongresi wa eneo husaidia bure kuuliza kesi iliyokwama. Wakitakiwa kuhojiwa upya, waende na wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa, na daftari lile la kambini linapata kazi yake tena.

Vijana wa kiume wa miaka 18 hadi 25 wajiandikishe kwenye orodha ya jeshi inayotakiwa na sheria. Kutojiandikisha huulizwa siku ya kuomba uraia. Mwenye hadhi ya mkimbizi asisafiri kurudi Kongo, hata kwa matanga, bila kwanza kuongea na wakili, kwa kuwa kurudi kunaweza kuchukuliwa kuwa ushahidi kwamba hofu iliyompa hadhi hiyo imekwisha.

Aliyemwacha mke, mume au mtoto ana miaka miwili tangu kuingia ya kumwombea kwa fomu I-730. Muda huu hupita kwa kasi, kwani ndio wakati wa kutafuta kazi, kujifunza basi na kulipa mkopo wa nauli. Fomu hiyo ijazwe miezi ya mwanzo. Huwahusu tu mume au mke na watoto waliokuwepo kabla mzazi hajaingia Marekani na waliotajwa kwenye faili, na hapo ndipo kila kilichosemwa au kufichwa Nyarugusu hupimwa.

Baada ya miaka mitano ya makazi, uraia huombwa kwa fomu N-400. Anayeomba tangu Oktoba 20, 2025 huulizwa maswali 20 kati ya 128 yaliyotangazwa, na anatakiwa apate 12. Wazee wenye miaka 50 na makazi ya miaka 20, au miaka 55 na makazi ya miaka 15, hufanya mtihani kwa lugha yao, Kiswahili kikiwemo. Mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye kadi ya makazi, anayeishi chini ya ulezi wa mzazi wake aliyepata uraia, huwa raia papo hapo bila mtihani. Inafaa aombewe pasipoti mapema iwe uthibitisho.

Kabla ya kiapo, familia za Bendera zina jambo moja la kutengeneza nyumbani. Katiba ya Kongo inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine, na anayechukua uraia wa kigeni huupoteza. Kuanzia hapo ataingia Kalemie kwa viza, na sheria ya ardhi ya Kongo haimpi mgeni umiliki wa kudumu wa kiwanja. Shamba au kiwanja kilichobaki kwa jina lake kihamishiwe ndugu aliye raia, kwa maandishi, mbele ya chifu na mashahidi, na kwa kiwanja cha mjini kwenye ofisi ya hati za ardhi, wakati mwenye mali bado ana haki ya kutia sahihi kama Mkongo.